Sanduku la Cheni Nyembamba

Wateja walimwita Mama Gia, na yeye aliwaita wateja wajinga. Hakuwaita hivyo usoni, maana duka lilikuwa lake na alitaka warudi, lakini mteja akishageuka tu, kabla hajavuka mtaro wa mbele ya duka, mdomo wa Mama Gia ulikuwa umeshapinda upande. Aliuza spea za mtumba: giaboksi, difu, propela, na hasa transfa, yaani lile sanduku linalokaa nyuma ya giaboksi na kugawa nguvu ya injini, nyingine iende mbele, nyingine iende nyuma, ili gari lisukume kwa magurudumu yote manne. Sanduku lenyewe huwezi kuliona ukisimama barabarani. Liko chini ya tumbo la gari, limepakwa matope na oili, na hajazaliwa mwanamume wa kupiga picha ameliegemea.

Hiyo ndiyo sababu Mama Gia alilipenda. Kitu kisichosifiwa na wajinga, kwake kilikuwa na heshima.

Duka lilikuwa chumba kirefu chembamba, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka, rafu za chuma pande zote mbili, na juu ya kila rafu masanduku yamelala ubavu, midomo yao imezibwa matambara. Oili ya gia inanuka kama vitunguu vilivyooza, na harufu hiyo ilikuwa imemganda Mama Gia hadi kwenye kitambaa cha kichwani. Marehemu mumewe ndiye aliyelifungua duka, lakini mume yule alikuwa mtu wa kupiga soga na kuuza kitu chochote kwa yeyote. Aliyejua nini kinaingia wapi alikuwa mke, na baada ya mume kuondoka hakuna aliyeona tofauti, ila soga zilikwisha.

"Mama, nipe transfoma ya pikapu."

"Transfoma nenda kwa watu wa umeme, baba. Hapa kuna transfa."

"Hiyohiyo."

"Siyo hiyohiyo. Gari lako lina injini gani?"

Hapo sasa mteja angevimba. Kila mmoja alivimba akifika kwenye injini. Siku hizi watu walikuwa wameingiwa na wazimu wa nguvu: mtu anang'oa injini ya kawaida, anapachika ya gari kubwa, anaongeza turbo, kisha anakuja dukani kutangaza nguvu za farasi. Ana farasi mia tatu. Ana farasi mia tano. Mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku anakueleza habari za farasi mia tano, mate yanamruka.

"Haya, hao farasi wako wote watapita wapi?" Mama Gia aliuliza siku moja, mteja akaangalia dari kama mtoto aliyeulizwa hesabu. Injini, alivyoona yeye, hata kichaa anaweza kuiongeza nguvu; unaipa upepo mwingi na mafuta mengi, basi, imeanza kubwata. Lakini nguvu yote hiyo lazima ipite ndani ya sanduku moja, juu ya cheni moja na gia chache, na hapo ndipo watu walipokuwa wanajitia hamnazo. Walinunua taa, walinunua rimu, walinunua bomba la kutoa moshi lenye mdomo kama sufuria. Transfa walinunua wakishapata ya kuwapata, na waliinunua kwa kunung'unika.

Katika biashara ile kulikuwa na maneno mawili ambayo mteja wa kawaida aliyachukulia kuwa ni neno moja. Spea ikiwa nzima, maana yake meno ya gia hayajakatika, beringi hazilii, sanduku halina ufa. Spea ikiwa ngumu, maana yake itabeba mzigo unaotaka kuitwika. Yai pia ni zima. Wauza spea wote wa mtaa ule walijua tofauti hiyo na hakuna aliyejishughulisha kuitangaza: ukiuliza nzima, unajibiwa nzima, unafungiwa, unakwenda zako. Mama Gia alikuwa akiapa mbele ya watu kwamba hajawahi kusema uongo dukani, na alikuwa anasema kweli. Ulikuwa ukweli wa kibahili, lakini aliubeba kifua mbele.

Mtu mmoja tu duniani hakuwa mjinga machoni pake, naye ni binti yake. Mtoto alikulia juu ya sakafu ile nyeusi. Akitoka shule anavua sare, anavaa suruali kuukuu ya baba yake, anafungua sanduku na kupanga gia juu ya gazeti kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Alijua kuishika cheni ya transfa kwa ubavu na kuinyoosha hewani aone inavyolegea. Cheni iliyochoka hushuka katikati kama kamba ya nguo, na yeye aliweza kukwambia imechoka kiasi gani kabla mama yake hajavaa miwani. Mama Gia alimwangalia akajiambia huyu ndiye. Duka, rafu, wateja, wajinga wote hawa, atamwachia huyu. Hakuwa na mpango mwingine maishani, na wala hakuona haja ya kuwa nao.

Kisha binti akaolewa na Bwana Turbo.

Jina hilo Mama Gia alimpa mwenyewe, na alilitamka kama mtu anayetema mbegu. Mkwe alikuwa mpamba magari. Kazi yake ilikuwa kubandika stika, kuvisha viti vitambaa vyenye manyoya, kutia vioo rangi nyeusi na kufunga vitaa vinavyowaka bluu chini ya mlango. Kwa Mama Gia, huyo alikuwa sawa na mtu anayempaka maiti hina. Juu ya hapo alikuwa na pikapu kuukuu ambayo alikuwa ameipachika injini ya gari zito yenye turbo kubwa kama kichwa cha mtu, na siku ya harusi aliingia nayo uani akipiga honi. Moshi ukawapaka masizi mashahidi wote waliovaa mashati meupe. Wageni walicheka. Mama Gia hakucheka; alikuwa anasikiliza chini ya gari, na alisikia cheni ikipiga ukuta wa sanduku, kwa, kwa, kwa.

"Mkweo mchangamfu," dada yake alimnong'oneza.

"Hata redio ni changamfu," Mama Gia akajibu.

Alimdharau kwa kucheka ovyo. Alimdharau kwa kumwita "Mama yangu" kuanzia siku ya kwanza, kama aliyezaliwa naye. Alipokwenda kuwatembelea na kumkuta anaosha masufuria huku mkewe amelala chini ya pikapu na spana mkononi, alimdharau maradufu. Mkwe alimletea kitambaa cha kiti cha dukani, chenye manyoya ya rangi ya machungwa, akisema, "Mama yangu usiumie mgongo," na Mama Gia aliona huko ni kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kitambaa alikitandika chini ya difu inayovuja.

Ila kilichomkata maini hasa si mkwe. Binti hakurudi dukani. Mwanzo alikuja kila wiki, baadaye akawa anapiga simu, baadaye simu zenyewe zikawa za habari za pikapu: tumebadilisha klachi, tumeongeza presha ya turbo, Jumapili tunakwenda machimboni kupandisha gari mlima. Tumefanya, tunakwenda, tuna. Mama Gia alibaki peke yake na masanduku, akisaidiwa na miwani. Alitaka kitu kimoja tu, binti yake arudi akae kwenye kile kiti, na kati yake na kitu hicho alimwona mtu mmoja amesimama, anacheka.

Transfa ya pikapu ilipokufa, kama alivyojua itakufa, mkwe alikuja dukani.

"Shikamoo, Mama yangu."

"Marahaba."

"Sanduku letu limekwisha, Mama. Limemwaga cheni yote chini kama mtu aliyetapika. Mwenzangu kanituma. Kasema nisijaribu kwenda kwingine, nije kwako tu. Kasema, mwambie Mama ni ya gari letu, atajua mwenyewe."

Gari letu. Mama Gia aliinama akajifanya anatafuta kalamu.

Masanduku ya kuingia kwenye pikapu ile alikuwa nayo mawili. Yalitoka kiwanda kimoja, yana matundu ya bolti sawasawa, kwa nje ni mapacha. Moja lilitoka kwenye gari la familia, la kupelekea watoto shule na kurudi na mboga. Ndani lina cheni nyembamba na gia chache, na kwa kazi yake hiyo lingeishi mpaka wajukuu. La pili lilitoka kwenye gari la mizigo. Cheni yake ni pana karibu mara mbili, na gia zake za ndani ni nyingi, zinagawana mzigo. Kibati cha kuyatofautisha kilikuwa kimeng'oka kwenye yote mawili zamani. Ungejua tu kwa kuyafungua, na waliokuwa wameyafungua ni watu wawili, yeye na binti yake. La cheni pana lilikuwa chini ya meza, limefunikwa gunia. Binti mwenyewe ndiye aliyelisafisha, wiki ya mwisho kabla ya harusi, akalifunga na gasketi mpya na kulifunika. La cheni nyembamba lilikuwa kwenye rafu, mbele ya macho ya mkwe.

Akaliwekea mkono. "Hii inaingia, Mama?"

"Inaingia."

"Ni nzima?"

Mama Gia alimtazama yule mwanamume, shati lake lenye maua, rangi ya bluu chini ya kucha, tabasamu lake la kila saa. Alikuwa ameuliza swali la mjinga, tena dukani kwa mama wa mkewe. Angeweza kumwambia, mkwe, ni nzima lakini si ngumu, subiri kidogo. Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Badala yake aliiona Jumapili: watu wamejaa machimboni, pikapu iko katikati ya mlima, injini inanguruma na magurudumu yamekufa, umati unacheka, na Bwana Turbo amekaa ndani ya mapambo yake hajui aangalie wapi. Binti angeona kwa macho yake ameolewa na nini. Angerudi.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kitoto. Mwanamke mwenye akili ya kupima cheni kwa jicho alikaa akaamini kwamba ndoa hukatika gari likikwama. Lakini dharau ilikuwa imemfanyia kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, na yeye alikuwa ameacha kuikagua.

"Nzima," akasema. "Niliifungua mwenyewe."

"Basi yamekwisha. Neno lako kwangu linatosha." Akalibeba lile sanduku kifuani kwa mikono miwili, oili ikachafua maua ya shati, akaondoka akicheka.

Jumapili Mama Gia alifunga duka, akachukua kigoda na mwavuli, akaenda machimboni. Hakuwahi kufika pale. Lilikuwa shimo kubwa la kokoto lililoachwa, na upande mmoja lilikuwa na mteremko wa udongo mwekundu na mawe ambao kila wiki wanaume wazima waliupanda kwa magari kisha wakashuka, wakapongezana. Hakukuwa na kitu kule juu. Alikaa kwenye kigoda akawaangalia: matumbo, fulana zilizoandikwa majina ya oili, kila mmoja amefungua boneti anamwonyesha mwenzake injini kama mtu anayeonyesha jipu. Walibishana farasi. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chini ya gari. Alijisikia vizuri kuliko alivyojisikia kwa muda mrefu, na aliposikia pikapu ya mkwe ikiingia alitandaza gauni, akakaa sawa.

Mlango ukafunguka upande wa abiria, na mkwe akashuka.

Kwenye usukani alikuwa binti, amevaa helmeti.

Mama Gia alisimama. Mkwe alimwona akaja mbio, mikono imeenea. "Mama yangu! Umekuja! Ah, leo mwenzangu atafurahi!"

"Wewe... mbona yeye ndiye..."

"Mimi?" Mkwe akacheka. "Mimi naogopa mlima, Mama. Nikifika katikati nafumba macho. Huyu ndiye dereva, hukujua? Mimi kazi yangu rangi na makofi."

Hakujua. Miezi yote ile ya tumefanya na tunakwenda, hakuwa ameuliza nani anaendesha. Aliuliza habari za klachi.

Sasa akaona kile alichokuwa anakijua tangu mwanzo. Cheni nyembamba ikikatika ikiwa imebeba farasi wengi namna ile, hailali chini kimya. Inatoboa sanduku, na sanduku la gari lile limekaa chini ya sakafu, kando kabisa ya miguu ya dereva. Hilo alilijua tangu anasema nzima. Mguu ulipokuwa wa mkwe, hakuwa amelifikiria sana.

Alikwenda hadi kwenye dirisha. Binti aligeuka, na chini ya helmeti uso ulimfunguka wote.

"Mama! Umefunga duka? Umefunga duka kwa ajili yangu?"

"Mwanangu," Mama Gia akasema. Mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, na wanaume wawili watatu wamesogea kumsalimu mama wa dereva. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: zima gari, nimekuuzia sanduku baya. Wangesikia wote. Mkwe angesikia. "Mwanangu... nenda polepole."

Binti akacheka, na wale wanaume wakacheka. "Polepole, Mama? Hapa haendi mtu polepole." Akagusa mkono wa mama yake uliokuwa dirishani, akautoa taratibu, akapandisha kioo.

Mama Gia akarudi kwenye kigoda. Hebu litazame hilo: alirudi, akakaa. Mtu aliyejua kila kitu kuhusu kila gia alikaa na mwavuli wake kama wajinga wengine wote, akijiambia huenda itabeba, leo tu, huenda.

Pikapu iliuchukua mteremko vizuri. Binti alijua kuendesha, hata waliokuwa wanabishana walinyamaza kumwangalia. Ilipita mawe ya chini, ikapita pale wengi walipokwama, na karibu na ukingo wa juu akaikanyagia yote. Sauti ya injini ilipanda ikawa kilio, kisha kukatokea mlio mmoja mkavu, kama sufuria iliyopigwa nyundo. Injini iliendelea kulia peke yake. Magurudumu yalisimama.

Hakuna aliyecheka. Chini ya gari propela, ule mtaimbo wa kuzungusha magurudumu, ilikuwa imechomoka na inajipiga huku na huku, na ilikata bomba la breki. Pikapu ikaanza kurudi nyuma, taratibu, kisha si taratibu. Umati wote ulikimbia pembeni, wale wenye matumbo wakiwa mbele. Mtu mmoja alikimbia kuelekea gari. Alikuwa Bwana Turbo, mwoga wa mlima, amekumbatia jiwe kubwa tumboni, anapanda moja kwa moja nyuma ya gari linaloshuka bila breki. Alilitupa jiwe chini ya gurudumu, gari likalipanda likapinda, likaacha njia na kugonga ukuta wa udongo kwa ubavu. Yeye alikuwa ameangukia pembeni, mdomo umejaa vumbi, anamwita mkewe.

Mama Gia alifika akiwa hana kiatu kimoja. "Mko wazima?" alipiga kelele. "Mko wazima?"

"Wazima, Mama!" mkwe alijibu, analia, anavuta mlango. "Wazima!"

Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Kwenye sakafu ya gari, inchi chache kutoka mahali ulipokuwa mguu wake, palikuwa na tundu lenye kingo zilizopinda kuja juu, na kipande cha cheni kimesimama ndani yake. Mama Gia alikiona kabla ya mtu yeyote. Alikipima kwa jicho bila kutaka. Kilikuwa chembamba.

Siku kadhaa baadaye binti alikuja dukani, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni. Hakusalimia. Alipita kati ya rafu hadi kwenye meza, akainama, akavuta gunia kwa mkono wa kushoto. Sanduku la cheni pana lilikuwa pale na gasketi aliyoiweka yeye.

"Tumelifungua lile lingine jana," akasema. "Yeye ndiye aliyeshika spana, mimi nilikuwa namwelekeza. Kabla ya kulifunga garini sikulifungua, kwa kuwa lilitoka kwako. Alikuuliza nini alipokuja?"

"Aliuliza kama ni nzima."

"Na wewe ukamjibu."

"Ilikuwa nzima." Mama Gia alijisikia akilisema neno hilo na hakuweza kulirudisha. "Mwanangu, mimi sikujua kama ni wewe unayeendesha. Haki ya Mungu sikujua."

"Kwa hiyo ingekuwa yeye, sawa."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu anaelekeza kwa kupiga bati lake kofi. Mama Gia aligeukia meza.

"Chukua hili," akasema, akionyesha chini ya meza. "Chukua, nitakuja mwenyewe kulifunga."

"Hatulihitaji. Tunatoa ile injini. Anasema hataki kuiona tena." Binti alilirudishia sanduku gunia lake, akalitandaza vizuri kwenye kona, kama alivyofunzwa. "Amekesha akijilaumu. Anasema angeuliza mafundi zaidi, angefanya hivi, angefanya vile. Nimemwambia ni mimi. Nimemwambia nilisahau kutia oili, cheni ikaungua."

"Wewe? Husahau oili wewe."

"Yeye hajui hilo. Yeye anajua stika."

"Kwa nini umemwambia hivyo?"

Binti alimtazama sana. "Kwa sababu hana mama mwingine. Alikuwa ameanza kusema atakuja kukushukuru, eti ulimpa sanduku zuri na sisi tukaliharibu. Sasa na wewe usije ukaenda kumwambia kweli ili roho yako itulie. Usithubutu. Kaa nayo."

"Na dukani?" Ungetarajia mtu katika hali hiyo anyamaze, lakini Mama Gia hakunyamaza. "Mkono ukipona, utarudi lini dukani?"

Binti hakukasirika. Alipindisha mdomo upande, kidogo tu, akatoka akavuka mtaro.

Mama Gia aliendelea kuuza. Wateja walikuja, walivimba, walitangaza farasi wao, na yeye aliwajibu walichouliza. Fununu za machimboni zilikuwa zimefika mtaani, kwamba binti wa Mama Gia, aliyelelewa na oili, alisahau kutia oili, na mafundi walilichezea jambo hilo midomoni mwao kwa furaha. Wengine walilisema mbele yake waone atafanya nini. Alijifanya anatafuta bolti.

Kisha mkwe akaja. Ilikuwa asubuhi, duka lina watu: dereva wa lori, mafundi wawili, muuza spea wa duka la jirani aliyekuja kuazima jeki. Hakuwa anacheka. Alikuwa amevaa shati safi lisilo na maua, na alisimama mbele ya meza mikono ameikunja mbele kama anayeingia ofisini.

"Shikamoo, Mama yangu."

"Marahaba."

"Mwenzangu hajui kama nimekuja. Anaona aibu kuja hapa, nimemjua, kila nikitaja duka anageuza uso." Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa chembamba na watu wote walikuwa wamenyamaza kumsikiliza. "Najua umekasirika. Umemfundisha tangu mdogo, halafu anasahau kitu kama oili, na jina ni lako linalochekwa. Lakini Mama, ni oili tu. Hata mafundi wakubwa husahau. Sanduku lako lilikuwa zuri, nimewaambia watu wote. Ninakuomba, kwa ajili yangu, umsamehe."

Fundi mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. Muuza spea wa jirani aliangalia viatu vyake. Wote walikuwa wanamsubiri Mama Gia, na mkwe naye, macho yamejaa, alikuwa anamsubiri.

"Nimeshamsamehe," akasema.

Mkwe aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, mbele ya watu, akamshukuru.